Bado Naamkia

Wifi yangu Restituta hamwamini mtu yeyote anayekuja Namawala na boksi mkononi, na ukitaka kumjua anzia hapo. Muuza vyombo akipita, Restituta huigonga sufuria kwa kidole na kuisikiliza kabla hajauliza bei. Padri akija kubariki nyumba, humuuliza kwa adabu zote maji yale kayachota kisima gani. Msibani hali chakula mpaka amwone mpishi akila, tena si kuonja, kula. Mimi mwenyewe, Digna, dada wa marehemu mume wake, alinishuku miaka mingi kwamba nalitolea macho shamba la kaka yangu Eustaki. Ushahidi hakuwa nao, lakini tangu lini Restituta akangoja ushahidi.

Tusimlaumu sana. Aliolewa hapa kutoka upande wa Mahenge akiwa msichana, akaambiwa kwamba shamba hili la bondeni ndilo litakalomlisha na ndilo litakalomzika. Eustaki kweli tulimzika pale pembeni, palipoinuka kidogo, ambapo maji ya masika hayafiki. Kisha wakatokea watu wenye vipimo vya miguu mitatu. Wakachungulia, wakaandika, wakachomeka jiwe la mpaka katikati ya mpunga, wakaondoka bila kuaga. Restituta aliling'oa jiwe lile, akalitwika kichwani, akaliweka jikoni liwe figa la tatu. Hadi leo linaivisha maharage. Anasema mwenyewe akilitaka na aje, ila angoje maharage yaive.

Sasa, mwaka huu masika yalipokolea, alikuwa shambani anapalilia, maji yakiwa magotini, mkono wake ukagusa kitu kigumu chini ya tope. Akakivuta. Kilikuwa na ukubwa wa mzinga wa nyuki, kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na miguu mitatu myembamba iliyojikunja tumboni.

Mtu wa kwingine angepiga mbio. Sisi wa Namawala tumezaliwa tukawakuta watafiti wa mbu. Wanaingia hadi vyumbani na mitego yao ya wavu na taa na feni, wanatundika kando ya kitanda, asubuhi wanarudi kuchukua mbu wao. Kwa hiyo kwetu mtu akikuta chombo cha ajabu, haulizi kimetoka wapi, anauliza wenyewe watakuja kukichukua lini. Restituta aliona ni mtego wa mbu, akakasirika kwamba safari hii wameuweka shambani kwake bila hata hodi. Akaufunga kwenye khanga, akaubeba. Tulikutana njiani nikamuuliza kabeba nini, akanijibu kwa mkato, "Mali ya watu."

Nyumbani aliufunga kwenye nguzo ya kibaraza kwa kamba ya ng'ombe aliyonunua kwa Wasukuma, kamba inayoweza kumzuia fahali. Hakuufunga kwa kuogopa kwamba utakimbia. Aliogopa ukiibiwa ataambiwa kauuza chuma chakavu, maana ndivyo watu walivyo. Basi ukakaa pale, tukapiga soga mbele yake, tukasengenya majirani, tukagombana kuhusu chumvi, na yeye Restituta kila jioni anakwenda kuikaza kamba.

Wale wa mbu walipokuja, mmoja wao, Evod, aliutazama juu na chini akasema, "Mama, huu si wetu."

Restituta hakumwamini. Alimwambia mtego umeharibika ndiyo maana wanaukana, ili mwishowe alipe yeye. Evod alicheka, akaapa, akachukua mbu wake akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nachambua matembele, nikitaka kumwambia wifi kwamba safari hii kazidisha. Ndipo ikaja sauti kutoka nguzoni, nyembamba, ya Kiswahili hiki hiki chetu, tena chenye lafudhi ya Kipogoro kama ya Restituta mwenyewe.

"Kijana amesema kweli. Mimi si wa kwao."

Matembele niliyamwaga yote. Restituta hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda nguzoni, akaikaza kamba. Kisha akasimama mbele ya kile kitu, mikono kiunoni, akaanza kukigombeza. Kimekaa kibarazani kwake muda wote huo, kinasikia mambo yao yote, na hakijui hata kusalimia? Kitu kikauliza watu husalimiaje. Akakiambia kwamba mdogo humwambia mkubwa shikamoo. Kikauliza maana yake nini. Restituta, ambaye hupenda kufundisha kuliko mwalimu, akasema maana yake ni "nashika miguu yako."

Kile kitu kilinyamaza kwa muda, kama mtu anayefikiria kabla ya kukubali posa.

"Shikamoo," kikasema.

"Marahaba," akajibu Restituta, akarudi kukaa mkekani. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na sisi tukaokota matembele yetu.

Tangu siku ile nimeacha kusema "kile kitu." Mtu akishakuamkia huwezi kumwita "kile." Jina la Mtego lilikwisha kumganda, naye alilipokea bila kulalamika, ingawa mimi jina hilo lilinitia wasiwasi. Kila asubuhi Restituta akifungua mlango, Mtego anamwamkia, anaitikiwa, kamba inakaguliwa, ndipo chai inawekwa jikoni.

Habari hazikukaa kibarazani. Wavuvi nao walikuwa wamemnasa wa pili kwenye nyavu zao mtoni, pamoja na kambale, wakampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, Venance. Venance alimfungia kwenye ghala la mpunga, akatia kufuli, akaweka mgambo mlangoni. Alipiga simu kwa wakubwa kueleza, na kwa maneno yake mwenyewe aliambiwa wananchi wa huko wapunguze pombe ya asubuhi. Baada ya hapo hakupiga tena. Yule wa ghalani hakusema neno. Wazee walikwenda, akina mama walikwenda, kila mtu akatoa salamu yake, na yeye hakuitikia hata moja. Watu wakampa jina la Kiburi.

Kijiji kikagawanyika. Wako waliosema hawa ni vipimo vipya, maana nani hajaiona ile miguu mitatu. Wako waliosema ni majasusi, ila hawakukubaliana wa nchi gani. Jirani yetu Bibiana alikuwa hapiti mbele ya kibaraza bila kujifunika khanga usoni, asije akapimwa. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa kwenye kundi lile ambalo halikusema lolote lakini lilihamishia kuku kwa ndugu.

Mpunga ulipoanza kuchanua na kwelea kwelea kuja kwa makundi, Restituta alimchukua Mtego akamswaga shambani kwa ile kamba, akampandisha kwenye dungu amsaidie kuamia ndege. Watu walicheka sana. Walimuuliza kama bati lake limeshachanjwa. Lakini Mtego alitoa mlio mmoja mdogo, ambao sisi tuliusikia kama mbu sikioni, na wingu lote la ndege likageuka likaenda kula kwa jirani. Kicheko kikaisha, ikaanza shuku nyingine. Majirani walisema Restituta anawatuma ndege kwao.

Naye Restituta alikuwa na shuku zake. Alimwona Mtego akishuka dunguni mara kwa mara kuchovya mguu kwenye maji, akikaa hivyo kwa muda, kisha akihamia jaruba lingine. Siku moja tulikuwa wote juu ya dungu, tunakula mihogo, akamuuliza wazi: "Unapima nini kwenye maji yangu?"

Mtego hakuzunguka. Alisema yeye na mwenzake walitumwa na wenyewe, yaani waliowatengeneza, kutafuta nchi zenye maji mengi na udongo laini. Chombo chao kiliharibika juu ya milima kikawamwaga huku. Kazi yao wakishaona nchi inafaa ni kuita.

"Kuita nani?"

"Wenyewe. Ili waje."

"Waje kutembea au waje kukaa?"

"Kukaa," akasema Mtego.

Nilitazama chini, mpunga umeinamisha vichwa mpaka kwenye kilima cha kaka yangu, nikaona kumbe hata kaburi lake lina mpangaji anayekuja. Restituta aliuliza mbona basi hawajaita. Mtego akaeleza kwamba sauti ya kuita imegawanywa, nusu anayo yeye, nusu anayo mwenzake, ili mmoja asiweze kuita kwa ujinga wake. Wakikutanishwa na wote wakikubali, sauti inakwenda. Mmoja akikataa, haiendi. Ila wasipoita hakuna atakayewafuata, na jua letu huwashibisha nusu tu, kwa hiyo watazimika polepole kama taa ya kandili iliyoishiwa mafuta.

"Na wewe utakubali?" akauliza Restituta.

"Sijui la kufanya, mama," akasema. "Wao wamenitengeneza. Lakini miguu yako ninayo."

Neno lile la miguu hatukulielewa. Mimi nilidhani ni Kiswahili kimemshinda. Restituta akamuuliza kitu kingine kabisa, kwamba ana umri gani, na Mtego akajibu kwamba yeye alikuwa ameanza kazi kabla mto huu haujapata njia yake. Nikacheka, nikamwambia wifi kumbe muda wote mkubwa ndiye anayemwamkia mdogo, ageuze salamu haraka kabla hajapata laana. Restituta akasema kwa kimo kile hamwamkii mtu. Jioni ile aliikaza kamba kwa fundo jipya.

Wakati huohuo Venance alianza kubadilika. Alikuwa anashinda ghalani peke yake, mlango ukiwa umeegeshwa, na akitoka anatembea kama mtu aliyeshonewa suti. Ikajulikana kwamba Kiburi ameanza kusema, ila anasema naye tu. Akaanza kutuambia habari za maji ya bomba yasiyokatika, daraja lisilosombwa na mafuriko, na kijiji ambacho wakubwa wa simu watakuja kukiomba radhi. Nilijiuliza nani kamfungia nani ndani ya ghala lile. Mwishowe akaja kibarazani na mgambo wawili, akasema kwa upole kwamba wale wawili ni ndugu, si vizuri kuwatenganisha, na Mtego ni mali ya kijiji. Restituta akamjibu kwamba mali ya kijiji huamuliwa na kijiji. Ndivyo mkutano ulivyoitishwa.

Tulikutana mchana mbele ya ghala, watu wote, hata waliokuja kutoka Mchombe kwa ajili ya kushangaa. Restituta alifika akimvuta Mtego kwa kamba kama mbuzi wa sadaka. Venance akaeleza yake ya daraja, wakampigia makofi. Restituta akasimama akaeleza ya dunguni: hawa ni wapimaji, nusu na nusu wakiungana wataita, na watakaokuja hawaji kutembea. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo Venance akatabasamu akauliza tangu lini Restituta akaacha kushuku, yeye anayemshuku hata padri kwa maji ya baraka. Watu wakaangua kicheko. Kilinichoma kicheko kile, kwa sababu kilikuwa cha kweli. Mtu akishuku kila kitu, siku ya kitu chenyewe hana wa kumsikiliza.

Venance akaamuru mlango ufunguliwe. Kiburi akatoka kwa miguu yake mitatu, vumbi la pumba mwilini, na kwa mara ya kwanza akasema mbele ya watu. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha mtangazaji.

"Mwulizeni huyu ni wa nani," akasema, akimwelekea mwenzake.

Mtego akasema, "Mimi nimemshika mama huyu miguu. Siku ya kwanza aliniambia nishike, nikashika, akapokea. Kwetu aliyeshika miguu ya mtu hamfuati mwingine."

Kwanza watu walicheka. Kisha kicheko kikafa kidogo kidogo, kila mmoja akielewa kwa wakati wake. Sisi tunaisema shikamoo tangu tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Tunaisema huku tunapiga miayo, tunaisema kwa mwenye duka tunayemchukia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kudhani ameshika kitu. Huyu alishika. Kamba ile ya ng'ombe, mafundo yale, havikuwa vimemzuia hata kwa saa moja. Na kama kutuonyesha, Mtego aligusa kamba kwa ncha ya mguu, ikakatika vipande viwili vikaanguka vumbini. Restituta aliitazama ile kamba kwa muda mrefu. Nimemjua wifi yangu miaka yote, sijawahi kumwona na haya usoni isipokuwa siku ile.

Lakini Kiburi alikuwa hajamaliza. Kumbe ukimya wake wote ule ghalani alikuwa anatusoma.

"Salamu ile ni batili," akasema. "Kwa desturi yenu mdogo humwamkia mkubwa. Yeye ni mkubwa kuliko mto huu. Mama huyu alimwamrisha mkubwa wake amwamkie. Sasa amwamkie yeye, kama inavyostahili, na lile la kwanza lifutike."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ni kweli, walisema, mtoto hawezi kupokea shikamoo ya babu. Akina mama nao wakaguna. Hao wote waliokuwa wanaogopa kupimwa dakika chache nyuma, sasa jambo lililowauma ni kwamba Restituta amekosa adabu. Ndivyo tulivyo. Ukitaka kutuingilia nyumbani usije na panga, njoo na desturi. Venance akasema kwa sauti ya kumaliza shauri, "Mama Restituta, mwamkie mkubwa wako, tukaendelee na mavuno."

Nilijua, na Restituta alijua, kwamba akisema neno lile moja Mtego amefunguliwa, na nusu zile mbili zimesimama hatua chache tu zikitazamana. Restituta akasema hamwamkii mtu ambaye mama yake hajulikani. Watu wakazomea. Akamgeukia Mtego.

"Mimi wewe sikuamini," akamwambia. "Hata leo sikuamini."

"Najua, mama."

Ndipo Kiburi akasema jambo ambalo sikulitegemea, na sauti ya mtangazaji ilikuwa imekwisha. Alisema, "Mimi nataka kwetu tu." Hakumwambia Venance wala mkutano. Alimwambia mwenzake, akarudia, "Nataka kwetu."

Nani asiyelijua neno lile? Nusu yetu tumetoka Mahenge na Ulanga, Wasukuma wametoka mbali zaidi, na kila mtu ana mlima fulani anaoutazama jua likizama. Nilimwonea huruma Kiburi, na niliichukia huruma ile, maana njia ya kwao ilipitia juu ya kaburi la kaka yangu. Nadhani Restituta naye ilimgusa. Macho yake yalikwenda kwenye ile milima, yakarudi.

Akavua ndala. Akamwendea Mtego, akapiga magoti yote mawili vumbini, kama wanavyofanya wanawake wa Kisukuma mbele ya baba wakwe zao, jambo ambalo yeye huwa analicheka. Kisha akanyoosha mikono, akaikamata miguu ya Mtego. Miwili aliishika kwa mikono, wa tatu akaubana kwa goti.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," akajibu Mtego.

Watu wakashusha pumzi, Venance akaanza kupiga makofi. Kiburi akasogea. Akasema sasa umefunguliwa, njoo. Mtego hakwenda. Restituta alikuwa bado pale chini, kichwa kimeinama, mikono haijaachia.

Venance akamwambia salamu imetosha, ainuke. Restituta akajibu bila kuinua uso.

"Bado naamkia."

Mgambo mmoja akapiga hatua, mzee mmoja akamvuta shati. Na kweli, nani kwetu anaweza kumnyanyua mtu kwa nguvu aliyepiga magoti kumwamkia mkubwa? Ni aibu ya kijiji kizima. Mchumba anaweza kukatishwa akiposa, mlevi anaweza kukatishwa akihutubia, lakini salamu haikatishwi. Jua liliwaka, jasho likamtiririka shingoni, na kila Venance alipofungua mdomo, Restituta akasema bado anaamkia.

Kiburi alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimtaka mwenzake amwambie Restituta aachie. Mtego hakumwambia. Yeye aliyeikata kamba ya fahali kwa kugusa alikuwa amesimama mikononi mwa mwanamke mwenye magoti mabovu, na hakujitikisa.

"Nimefunguliwa kwake," akamwambia mwenzake hatimaye, kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie. "Lakini nimeshikwa miguu. Aliyeshikwa miguu atakwendaje? Mimi sitaita."

Kiburi alikunja miguu yake mitatu tumboni, akakaa chini palepale kwenye pumba, akawa kama alivyotolewa mtoni. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakikwepa kutazamana, na Venance akabaki na funguo za ghala lisilo na kitu.

Restituta alipoinuka, nilimshika mkono maana magoti yalikuwa yamegoma. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba huyu wa pili naye asirudishwe gizani, mgeni hafungiwi kufuli kama mpunga. Alimbeba mwenyewe hadi kibarazani, kwa khanga ileile.

Sasa wako wawili, kila upande wa nguzo. Kamba iliyounganishwa ina kazi ya kumfunga mbuzi. Kiburi hasalimii mtu hadi leo, na ajabu ni kwamba huyo ndiye Restituta anayesema anamwelewa, kwa sababu hasemi asichokimaanisha. Wakati wa kuanika mpunga anawaweka wote wawili juani, kando ya turubai. Mtego amepungua. Zamani alitujibu kabla hatujamaliza swali, siku hizi unamsemesha unakwenda kukoroga uji, ukirudi ndipo jibu linafika. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakujiondoa siku ile, maana ukweli angeweza. Alikaa sana. Kisha akasema, "Mama aliniamkia."

Nikamwendea na wifi yangu, alikuwa anapepeta mchele. Nilimuuliza kama alipopiga magoti alimpa heshima yake kwa haya ya ile kamba, au alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwamba mtu akishikwa miguu hatembei. Restituta alisimamisha ungo, akanitazama kama nimemuuliza bei ya shamba la Eustaki.

"Wifi, unauliza ili iweje?" akasema, akaendelea kupepeta.

Basi ninachojua ni ninachokiona. Kila asubuhi anafungua mlango, anapiga magoti yale mabovu, anasema shikamoo, na siku hizi anangoja marahaba kwa muda mrefu, yeye ambaye hajawahi kumngoja mtu. Mikono yake hukawia kwenye ile miguu kuliko salamu inavyohitaji. Mimi hukaa mkekani namtazama, na hadi leo sijui kama anamwamkia au anamkamata. Mtego naye hajawahi kuuliza.